Kipimo cha damu kinaposema kabla ya picha: majibu kwa wasomaji kuhusu kurudi kwa saratani ya koo

Barua za mwezi huu zimetoka Ohio, Minnesota, Eldoret, Tanga na Maskati, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu aliyekwisha kutibiwa saratani ya koo iliyosababishwa na kirusi anawezaje kujua mapema, kwa kutolewa damu, kwamba ugonjwa umerudi? Nimezifupisha barua na kuondoa majina. Namwomba msomaji mwenye mgonjwa nyumbani asome majibu yote, kwa kuwa jibu la mmoja linakamilisha la mwingine.

SWALI: Daktari, salaam. Mume wangu ana umri wa miaka 58. Mwaka juzi aligunduliwa kuwa na saratani ya tonsili, tukaambiwa imetokana na kirusi cha papiloma, HPV, na kwamba aina hiyo huitikia matibabu vizuri. Alipewa mionzi pamoja na dawa ya sisplatini, na picha za baadaye zikaonyesha hana kitu. Tangu hapo hutolewa damu kila baada ya miezi mitatu, na kila mara tulijibiwa kwamba DNA ya kirusi haikuonekana. Mara hii imeonekana, kwa kiwango kidogo. PET skani aliyofanyiwa wiki iliyofuata haikuonyesha chochote. Daktari wake anasema tusubiri kipimo kirudiwe. Mimi silali. Kama saratani imerudi, kwa nini wasianze kutibu sasa hivi?
Mke wa mgonjwa, Columbus, Ohio

JIBU: Dada yangu, pole sana. Swali lako ndilo gumu kuliko yote niliyoletewa, nami nitalijibu kwa urefu. Nianze kwa kusema wazi kwamba daktari wa mumeo hajazembea, na kungoja anakowaomba si kukaa bure.

Seli za saratani ya aina hii hubeba ndani yake DNA ya kirusi kilichozianzisha. Seli hizo hufa na kuvunjika kama seli nyingine zote, na vipande vidogo sana vya DNA hiyo huingia katika mkondo wa damu, kama maganda ya karanga mkekani yanavyotujulisha kwamba palikuwa na mtu akila hata kama yeye mwenyewe hatumwoni. Maabara huchukua plazma, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, huigawa katika maelfu ya matone madogo mno, kisha huhesabu ni matone mangapi yenye kipande cha kirusi. Maambukizi ya kawaida ya HPV hubaki kwenye ngozi na kwenye utando laini wa mwili, wala hayatembei katika damu. Ndiyo maana vipande hivyo vikionekana katika damu ya mtu aliyewahi kuugua saratani hii, madaktari hawavipuuzi. Tena havidumu, kwa kuwa mwili huviondoa kwa muda wa saa, si miezi. Kwa hiyo kilichoonekana mwezi huu hakiwezi kuwa mabaki ya uvimbe wa mwaka juzi: ama kimetoka katika kitu kilichopo sasa, ama kipimo chenyewe kimeteleza.

Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ndiyo sababu ya kurudia. Utafiti unaofanana zaidi na hali yenu ulifanyika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, chini ya Dkt. Bhishamjit Chera, na ulichapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 115 waliotibiwa kwa mionzi na dawa walifuatiliwa kwa kutolewa damu mara kwa mara. Kati yao, 87 hawakuonekana na DNA ya kirusi hata mara moja baada ya matibabu, na hakuna hata mmoja wao aliyerudiwa na saratani katika muda wa ufuatiliaji. Wengine 28 walipata jibu chanya wakati fulani, na kati ya hao 28 waliothibitishwa kwa kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kinachokatwa na kupimwa, kwamba ugonjwa umerudi walikuwa 15, yaani zaidi kidogo ya nusu. Lakini walipotazamwa wale tu waliopata jibu chanya mara mbili mfululizo, walikuwa 16, na katika hao 16 ugonjwa ulikuwa umerudi kwa 15.

Naomba uzisome tena hesabu hizo taratibu, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako. Jibu chanya la kwanza lilimwacha mgonjwa katikati ya njia, nusu huku na nusu kule. La pili lilikaribia uhakika. Namba ndogo, hasa, hukaa jirani na mpaka wa uwezo wa kipimo, mahali ambapo tone moja au mawili yanaweza kubadilisha jibu zima. Ndiyo maana mwelekeo una uzito kuliko namba. Mgonjwa ambaye hesabu yake imepanda kutoka kidogo hadi kingi katika wiki chache ana habari tofauti kabisa na yule ambaye hesabu yake imetoweka.

Na kwa nini wasianze kutibu? Kwa sababu hawajui walenge wapi. Daktari wa mionzi anahitaji mahali pa kuelekeza miale, na shingo ya mumeo imekwisha kupokea karibu kiasi chote cha mionzi ambacho mwili wa binadamu unaweza kustahimili mahali hapo. Mpasuaji anahitaji tezi au uvimbe wa kuondoa. Dawa za saratani, kwa upande wake, huchosha figo, masikio na neva, na kumpa mtu dawa hizo kwa ajili ya namba ambayo huenda ikatoweka ni kumdhuru bila faida iliyothibitishwa. Hakuna daktari makini atakayeanza matibabu hayo kabla ya kinyama kuchukuliwa na kutazamwa kwenye hadubini.

PET skani safi inatia moyo, lakini isiwalaze. Picha hiyo huonyesha mahali penye seli zinazotumia sukari kwa wingi, na uvimbe wenye upana wa milimita chache unaweza kukwepa macho yake. Katika utafiti wa Chapel Hill, jibu la damu lilitangulia uthibitisho wa kinyama kwa takriban miezi 4 kwa mgonjwa aliye katikati ya orodha, wengine wakiwa na siku chache tu na wengine takriban mwaka mmoja. Kwa hiyo damu chanya na picha safi si mambo yanayopingana. Huenda damu imetangulia. Mkirudi kliniki, muulizeni daktari kama kipimo cha pili kitafanywa na maabara ileile na kwa njia ileile, kama bingwa wa masikio, pua na koo ameingiza kamera ya puani na kulitazama koromeo lote, yaani sehemu ya koo zilipo tonsili, pamoja na shina la ulimi, na kama mapafu yamepigwa CT skani, maana saratani hii inaporudi hupenda pia kujitokeza mapafuni, wakati mwingine baada ya muda mrefu. Yafaa vilevile kumkagua mwilini kote, kwa kuwa HPV huweza kuanzisha saratani katika njia ya haja kubwa na katika uume, nazo pia huachia vipande vyake katika damu.

Ikithibitika kwamba imerudi, usidhani kwamba mlango umefungwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha watu waliorudiwa na saratani ya koromeo: wenye HPV, zaidi ya nusu yao walikuwa hai miaka 2 baadaye, wakati kwa wasio na HPV waliobaki hai walikuwa zaidi kidogo ya robo. Na hao walitibiwa kabla ya dawa mpya za kinga kama pembrolizumabu kuruhusiwa kwa saratani hizi, jambo lililotokea mwaka 2016. Doa moja pafuni au tezi moja shingoni huweza kuondolewa kwa upasuaji, au kuchomwa kwa mionzi inayolengwa mahali padogo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni haki yako kulijua. Kipimo hiki kimethibitisha kwamba kinaweza kutangulia. Bado hakijathibitisha kwamba kutangulia huko kunarefusha maisha ya mgonjwa. Naamini kwa mtu mwenye doa moja linaloweza kuondolewa, miezi hiyo ni ya thamani, lakini hiyo ni imani yangu kutokana na ninavyoijua saratani hii, nayo haijapata uzito wa jaribio lililowagawa wagonjwa kwa kura. Kuhusu usingizi wako, muombe daktari akupe tarehe kamili ya kipimo cha pili na tarehe ya kupewa majibu. Tarehe inayojulikana huvumilika kuliko neno “tusubiri”.

SWALI: Mheshimiwa Daktari, mimi mwenyewe ndiye mgonjwa. Nilitibiwa saratani ya shina la ulimi, yenye HPV, na nimemaliza mionzi miezi kumi iliyopita. Kipimo cha damu nilianza kupimwa baada ya matibabu tu, na majibu yote ni safi. Kila nikienda kliniki wananiingiza kamera puani, jambo linaloniudhi, na bima yangu hailipi gharama yote. Je, kwa kuwa damu iko safi, siwezi kubaki na kipimo cha damu peke yake?
Msomaji, Minneapolis, Minnesota

JIBU: Ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo, na kwa hali yako wewe nasisitiza zaidi.

Umeandika kwamba ulianza kupimwa baada ya matibabu. Maana yake hakuna anayejua kama uvimbe wako ulikuwa unaachia DNA ya kirusi katika damu tangu hapo kabla. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wenye saratani ya koromeo ya HPV huwa na damu isiyoonyesha kitu hata siku uvimbe uko wazi mbele ya macho ya daktari. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa “safi” kila baada ya miezi mitatu, hajaambiwa chochote. Aliyepimwa kabla ya matibabu akaonekana na hesabu kubwa, kisha ikashuka hadi kutoonekana, huyo jibu lake safi lina nguvu.

Kuna suala la aina ya kirusi pia. Katika saratani za koromeo zenye HPV, aina ya 16 ndiyo inayohusika kwa takriban 9 kati ya 10, na zinazobaki hugawanywa na aina nyingine kama 18, 31, 33 na 35. Maabara inayotafuta aina ya 16 pekee haitaiona ya 33 hata ikijaa tele. Tena wagonjwa wengi wameandikiwa tu “p16 chanya”, nao hudhani hilo ni jina la aina ya kirusi. Hapana, p16 ni protini inayoongezeka ndani ya seli HPV inapofanya kazi yake, nayo huonekana kwa kupaka rangi kinyama, lakini haisemi ni aina gani ya kirusi, na mara chache huongezeka hata pasipo kirusi. Omba kinyama chako cha zamani, ambacho maabara ya patholojia huwa inakihifadhi, kipimwe ili aina ijulikane. Pengine kwenye kumbukumbu za hospitali kuna pia damu yako ya kabla ya matibabu iliyohifadhiwa. Si kawaida, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Kamera ya puani inaudhi, nakubali, ila inatazama mambo ambayo damu haiyajui. Uvimbe mdogo unaoota upya mahali palepale huweza kuachia vipande vichache mno katika damu. Saratani mpya iliyotokana na sigara au pombe haina DNA ya kirusi kabisa, na mtu aliyewahi kuvuta sigara bado yumo katika hatari hiyo. Isitoshe, kliniki hizo si za kusaka saratani tu. Mionzi ya shingo hudhoofisha tezi ya dundumio, nayo yafaa ipimwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Hukausha mate na kuozesha meno. Hukaza misuli ya kumeza, mtu akaanza kupaliwa na chakula bila kujua kwamba kinaingia mapafuni. Sehemu kubwa ya saratani zinazorudi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na wewe uko katikati ya muda huo. Ikiwa fedha ndiyo tatizo, zungumza na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali yako kuhusu msaada wa gharama kabla hujakosa hata kliniki moja, kisha muombe daktari akuambie ni vipimo gani vya picha vinavyoweza kupunguzwa kwa mtu asiye na dalili. Uchunguzi wa macho na wa vidole shingoni usiwe miongoni mwa vitakavyopunguzwa.

SWALI: Daktari, natumai u mzima. Kaka yangu alitibiwa saratani iliyokuwa nyuma ya pua, juu ya koo. Binamu yetu aliyeko Dubai alituambia kwamba siku hizi kurudi kwa saratani hiyo hutambuliwa kwa damu, kwa kutafuta kirusi cha Epstein-Barr. Tulimpeleka maabara moja hapa mjini, na cheti kikarudi kimeandikwa kwamba kingamwili za kirusi hicho ni chanya. Nyumba nzima inalia. Tufanye nini?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Kwanza, futeni machozi. Kwa maelezo uliyonipa, kaka yako amefanyiwa kipimo kisicho na uwezo wa kujibu swali mlilouliza.

Kirusi cha Epstein-Barr kimewaingia zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani, wengi wao wakiwa wadogo na bila kuugua kitu cha kukumbukwa. Aliyeambukizwa hubaki na kingamwili maisha yake yote. Mkinipima mimi, mhariri wa gazeti hili na karani wa maabara iliyowapa cheti, sote huenda tukatoka chanya. Kipimo ambacho binamu yenu alikisikia ni kingine: hicho hutafuta vipande vya DNA ya kirusi katika plazma, na huhesabu idadi yake. Cheti chake huandika DNA na hutoa kiwango kwa kila mililita. Kama kwenye cheti chenu pameandikwa IgG au IgA, hizo ni kingamwili.

Swali lako limenigusa kwa sababu ya mahali lilipotoka. Nyanda za juu za Kenya, pamoja na kusini mwa China, Hong Kong na Afrika Kaskazini, ni miongoni mwa sehemu ambako saratani ya nyuma ya pua imejulikana kuwapata watu zaidi kuliko kwingine kwingi, na tangu miaka ya 1960 mpasuaji Peter Clifford wa Nairobi alikuwa akiandika juu ya wagonjwa wa Kenya. Hata kirusi chenyewe kiligunduliwa mwaka 1964 mjini London katika vinyama vya watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa taya ulioelezwa na Denis Burkitt. Elimu ya kirusi hiki imejengwa kwa miili ya watu wa kwetu, na kwa hiyo ni haki kabisa kwa familia ya Eldoret kudai kipimo kilicho sahihi.

Kipimo cha DNA ya kirusi hiki katika plazma kina umri mkubwa kuliko kile cha HPV. Kundi la Dennis Lo la Hong Kong lilikieleza mwaka 1999, na tangu hapo kimetumika sana huko kufuatilia waliotibiwa. Lakini hicho nacho hudai kurudiwa. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 20,174 wasio na dalili: 1,112 walionekana na DNA ya kirusi mara ya kwanza, wakabaki 309 damu ilipopimwa tena baadaye, na baada ya kamera na picha za MRI waliokutwa na saratani walikuwa 34. Hao walikuwa watu wazima wa afya, tofauti na kaka yako ambaye amekwisha kuugua, ila mnaona jinsi jibu la kwanza peke yake lilivyobeba majibu mengi yasiyo ya saratani.

Tena kuna fundisho la Hong Kong ambalo sipendi lisahauliwe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 789 walipimwa damu baada ya kumaliza mionzi. Kati ya wale ambao DNA ya kirusi ilikuwa bado inaonekana, 104 waligawanywa kwa kura: kundi moja likaongezewa dawa za jemsitabini na sisplatini, jingine likafuatiliwa tu. Baada ya miaka 5, makundi hayo hayakutofautiana katika kurudi kwa ugonjwa. Kipimo kilikuwa kimewatambua barabara walio hatarini, ila dawa zilizochaguliwa hazikuwasaidia. Nalitaja hili ili mtu asije akawauzia dawa kwa kuwaonyesha namba.

Mpelekeni kaka yako kwenye kliniki ya hospitali iliyomtibu, au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapo Eldoret ikiwa ndiyo iliyo karibu, mkiwa na karatasi zote za matibabu. Mwombeni daktari aulize kama kipimo cha DNA ya Epstein-Barr katika plazma kinaweza kupatikana Nairobi au kwa kusafirisha sampuli. Kikipatikana, kifanyiwe maabara ileile kila mara, kwa kuwa hesabu za maabara mbili tofauti hazilinganishwi kwa urahisi. Kisipopatikana, hajapoteza ufuatiliaji. Kamera ya puani, kupapaswa shingo, na picha pale penye shaka ndivyo vilivyowalinda wagonjwa kwa miaka mingi. Mkimwona anatokwa na damu puani, sikio moja limeziba bila mafua, anaona vitu viwili viwili, anaumwa kichwa kisichokoma, au ana uvimbe mpya shingoni, msingoje tarehe ya kliniki.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu amevuta sigara tangu ujana. Ameondolewa uvimbe wa saratani kwenye zoloto na kupewa mionzi Dar es Salaam. Nimesoma kwamba kuna kipimo cha damu cha saratani ya koo Marekani. Nikikopa fedha, inawezekana kutuma damu yake huko?
Kijana wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikope. Kipimo hicho hutafuta DNA ya HPV, na saratani ya zoloto ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi kwa kawaida haina kirusi hicho ndani yake. Damu yake ingekwenda, ingerudi na jibu safi, na jibu hilo lingekuwa safi hata kama uvimbe ungekuwa umerudi. Huku kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya saratani za koo bado hutokana na tumbaku na pombe, na kwa hiyo habari njema tunazozisoma kutoka Marekani, ambako takriban 70 kati ya kila saratani 100 za koromeo huhusishwa na HPV, haziwahusu wagonjwa wetu wengi. Vipo vipimo vingine vya damu vinavyotengenezwa kwa kusoma mabadiliko ya uvimbe wa mgonjwa mmoja mmoja, lakini kwa saratani ya baba yako havijachukua nafasi ya uchunguzi wa daktari. Fedha uliyonayo iweke kwa nauli ya kliniki, na nguvu zako ziweke katika kumsaidia aache sigara kabisa, kwa kuwa anayeendelea kuvuta baada ya mionzi hujiongezea hatari ya ugonjwa kurudi. Sauti ikianza tena kukwaruza kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, akipata taabu kumeza, au akianza kupumua kwa mlio, apelekwe kwa bingwa wa masikio, pua na koo mara moja; mlio wa kupumua ni dharura ya siku hiyohiyo.

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mume wangu amepona saratani ya tonsili ya HPV aliyotibiwa ng'ambo. Tumeoana miaka ishirini na tano. Nina maswali ambayo siwezi kumuuliza mtu mwingine. Je, kirusi hiki ni ushahidi kwamba alitoka nje ya ndoa? Je, nami nifanyiwe kipimo hicho cha damu ili nijue mapema kama nitaugua? Na watoto wetu?
Mama, Maskati

JIBU: Wa alaykum salaam. Ahsante kwa kuniamini.

La kwanza: hapana, si ushahidi. Saratani ya koromeo hujitokeza miaka mingi baada ya maambukizi, mara nyingi miongo, na hakuna kipimo cha damu wala cha kinyama kinachoweza kusema kirusi kiliingia mwaka gani au kilitoka kwa nani. HPV ni maambukizi ambayo karibu kila mtu aliyewahi kuoa au kuolewa hukutana nayo wakati fulani, na mwili wa wengi huyafukuza bila wao kujua. Watafiti wa Marekani waliowapima wenzi wa wagonjwa hawa walikuta kwamba kirusi hicho vinywani mwao hakikuwa kingi kwa namna ya kutisha ukilinganisha na watu wengine. Hakuna sababu ya kitabibu ya kutenga vyombo, kulala vyumba tofauti au kuacha kubusiana.

La pili: usifanyiwe kipimo hicho. Kimepimwa na kuaminika kwa watu ambao saratani yao inajulikana, aina ya kirusi inajulikana, na swali ni moja tu, imerudi au haikurudi. Kwa mtu mwenye afya hali ni nyingine. Katika shingo ya kizazi, daktari anaweza kuona mabadiliko ya kabla ya saratani na kuyaondoa. Katika tonsili hakuna hatua kama hiyo inayoonekana na kutibika. Jibu chanya lingekuachia hofu na mlolongo wa picha na kamera, bila mtu kujua akutibu kitu gani.

Watoto ndio wenye faida iliyo wazi. Chanjo ya HPV huzuia maambukizi mapya, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kati ya miaka 9 na 14. Rwanda iliianzisha kitaifa mwaka 2011, ikafuatwa na Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, zote zikiwalenga wasichana kwa ajili ya saratani ya shingo ya kizazi; baadhi ya nchi huwachanja wavulana pia. Muulize daktari wa watoto hapo ulipo, kwa mabinti na kwa vijana wa kiume. Mume wako haitamtibu, kwa kuwa chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia wala haiwi badala ya kliniki zake.

Na wewe mwenyewe, kipimo cha HPV kinachokufaa ni kile cha shingo ya kizazi, kinachochukuliwa kwa pamba maalumu na si kwa sindano ya damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wanawake waanze kukifanya wakiwa na miaka 30, kisha kila baada ya miaka 5 hadi 10 majibu yakiwa safi. Kama hujawahi kukifanya katika miaka yote hiyo ya ndoa, kiombe katika ziara yako inayofuata kwa daktari wa wanawake, na umweleze ugonjwa wa mumeo bila haya, kwa kuwa ni habari ya kitabibu kama nyingine.